Muhuri wa Gurudumu

Sanhuri, mwenye duka sokoni, alipoingia na kiroba begani, Toma alikuwa uani anamimina kisra, mkate mwembamba wa mtama, juu ya bamba la moto, na mumewe, Osta Babikir, alikuwa kibandani amekiinamia chuma chekundu kama mtu anayetaka kukibusu. Macho yalikuwa yamemgeuka. Mtoto wa jicho alilifunika la kulia zamani, na la kushoto sasa lilikuwa na ukungu wa kutosha kumfanya asalimie nguzo. Fundi aliyezoea kukaa mbali na moto na kujua chuma kimeiva kwa kukitupia jicho mara moja, siku hizi aliinamisha uso mpaka nyusi zikaungua.

“Osta, nimekuletea mgeni,” Sanhuri alisema, akamwaga kiroba chini. “Mtambue.”

Zilikuwa sururu ndogo, za kushika kwa mkono mmoja, nyeusi, mgongoni zina sumaku. Babikir aliokota moja akaipapasa toka ncha mpaka mpini, na Toma aliona vidole vyake vinasimama. Ilikuwa sururu yake. Umbo lake, mkunjo wake wa shingoni, hata ile pete ya shaba inayoshika sumaku. Hakuna mtu mwingine mjini Atbara aliyeifua namna hiyo. Aliitengeneza kwa springi za mabehewa ya reli, kwa ajili ya wale wanaume wanaozunguka jangwani na mashine za kusakia dhahabu, sahani inapitishwa juu ya mchanga, masikio yamezibwa kwa spika. Mashine ikilia, wanachimba.

“Hii umeitoa wapi?”

“Uchina. Kontena zima.”

“Na mfano waliutoa wapi?”

Sanhuri akacheka kwa aibu kidogo, aibu ya mtu aliyekwisha kupata faida. “Ile uliyonizawadia, Osta, mwanangu alipokwenda machimboni. Niliipenda. Mtu huiga anachokipenda.”

Babikir aliiweka ile sururu kwenye fuawe, akaipiga nyundo moja ya wastani, si ya hasira. Kitu kikaruka kikagonga bati. Akachukua sumaku yake kubwa, akaipitisha sakafuni polepole, na ilipojaa vichembe akavipangusa kwenye kiganja cha Sanhuri.

“Wape wateja wako hivi. Vitadondoka shimoni, mashine italia, nao watachimba. Watachimba zaidi, vitadondoka zaidi, mashine itaimba kama harusini. Mtu atashinda juani anatafuta vipande vya sururu yake mwenyewe.”

“Wateja wangu hawana pesa ya sururu yako, Osta. Yako moja, zangu tatu.”

“Basi wauzie. Nani kakukataza?”

“Hawazitaki bila muhuri.” Sanhuri akasogea, akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu ila Toma na bintiye Ihsan aliyekuwa akishona. “Wanazigeuza, wanatafuta lile gurudumu lako. Hawalioni, wanazirudisha mezani. Nipigie muhuri tu. Kila pigo pauni kumi. Huwashi mkaa, hutoki jasho.”

“Toma,” Babikir aliita, “mletee Sanhuri chai. Yenye nanaa.”

Chai ikaletwa, ikanywewa, wakaulizana habari za jamaa wote, walio hai na waliokufa. Hivyo ndivyo mtu anavyofukuzwa kwa heshima katika mtaa ule. Sanhuri alipokusanya sururu zake, Toma alimsindikiza mlangoni, na hapo mlangoni akageuka.

“Mama Ihsan, macho ya Osta mnayafanyia operesheni lini?”

“Mungu akijaalia.”

“Mungu amejaalia,” Sanhuri alisema, akakipigapiga kile kiroba. “Osta ndiye hajui kusoma.”

*

Pesa ya operesheni Toma alikuwa ameitafuta kila mahali ambapo mwanamke mwenye haya anaweza kuitafuta. Upatu wa wanawake wa mtaani zamu yake ilikwisha pita, ikaliwa na paa la jikoni. Ihsan alishona mpaka mgongo ukamkatika, na malipo yake yakaishia kwenye mafuta na sukari. Walikwenda kwa binamu yake Babikir, yule mwenye maghala ya ngano. Wakakaa barazani tangu asubuhi, wakapewa maji ya karkade na hotuba ndefu kuhusu watu wanaoshindwa kujiwekea akiba, na walipoaga binamu akamtia Toma noti mkononi mbele ya wageni wake, akamkunja vidole juu yake kama anampa mtoto ya peremende. Ilitosha nauli ya kurudi. Toma alirudi kwa miguu ili isiishie kwenye nauli.

Kisha Babikir akashika chuma cha moto akidhani ni cha baridi. Toma alisikia harufu kwanza, ndipo akamwona amesimama, ametumbukiza mkono kwenye ndoo, amefumba yale macho yasiyomfaa kitu.

“Si kitu,” alisema. “Nilikuwa nafikiria mambo mengine.”

“Ulikuwa huoni.”

“Nimekwambia nilikuwa nafikiria.”

Yeye ndiye aliyekuwa akifua; akiacha kufua, hapaliki. Na mhunzi asiyeona rangi hafui, anabahatisha. Toma alimpaka mkono ute wa yai, akaufunga kwa kitambaa, akajitanda tobe lake zuri, akaenda sokoni dukani kwa Sanhuri.

“Uziuze mbali,” alimwambia. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. “Si hapa Atbara.”

“Mbali kabisa, dada yangu. Huko mpakani na Misri. Hata jina la Osta huko hawalijui.”

“Kama hawalijui, muhuri wa nini?”

Sanhuri alimtazama, akatabasamu. “Una akili wewe. Ungezaliwa mwanamume tungefilisika wote.”

Toma alijua ameongopewa. Hilo alilijua palepale, na baadaye hakuwahi kujidanganya kwamba hakulijua. Alipokea malipo ya awali akayafunga kwenye pindo la tobe.

Nyumbani alisema zamu ya upatu imerudi. Mwenzao mmoja amesafiri, wamempa nafasi yake. Babikir aliinua mikono akawaombea wanawake wa upatu mmoja mmoja kwa majina. Toma aliitikia amina mpaka majina yakaisha.

*

Ihsan alimpeleka baba yake Khartoum kwa basi. Basi lilipoondoka tu, mkokoteni wa Sanhuri ukaja na viroba, saa ya jua kali ambapo mtaa mzima umelala.

Muhuri ulikuwa kwenye sanduku la Toma, chini ya nguo zake za harusi, baina ya chupa za msandali. Babikir mwenyewe ndiye aliyeuweka huko tangu alipoutengeneza. Kila alipomaliza kufua aliupangusa, akamrudishia. Kipande cha chuma kirefu kama kidole, mwishoni kina gurudumu la mikono minne, na kilinukia bibi harusi. Mumewe alipenda kutania kwamba sururu zake zinapata dhahabu kwa sababu zimetiwa manukato.

Alijaribu pigo la kwanza, gurudumu likatoka hafifu. La pili likateleza. Muhuri wa Babikir hupigwa chuma kikiwa chekundu, kabla hakijakazwa mafutani. Kikishapoa, hata upige kwa nyundo ya reli hakipokei. Vyuma hivi vya Sanhuri vilipokea vikiwa baridi, bila moto, bila ubishi. Ilimfanya Toma avidharau, na kadiri alivyovidharau ndivyo alivyopiga vizuri. Kufikia kiroba cha tatu alikuwa anapiga mara moja tu na gurudumu linaingia lote, mikono yote minne. Aseme kweli: alijisikia raha. Miaka yote alikuwa anavuta mivukuto na kufagia majivu, na kumbe mkono wake unajua kulenga.

Jirani aliuliza juu ya ukuta, “Osta kesharudi?”

“Bado. Natengeneza kitanda.”

“Kitanda hicho cha mfalme!” jirani akasema, wakacheka wote wawili.

*

Babikir alirudi na miwani myeusi na kicheko ambacho Toma alikuwa amekisahau. Alimsimamisha katikati ya uwanja, akavua miwani, akamzunguka.

“Ihsan! Umenileta nyumba ya nani? Bibi kizee huyu ni nani?”

“Ndiye uliyemwoa,” Ihsan alisema.

“Niliyemwoa alikuwa na meno.”

“Ninayo!” Toma akafunua mdomo kumwonyesha, akapigwa busu la paji mbele ya bintiye, jambo ambalo halikuwa desturi ya nyumba ile. Babikir akamwambia polepole, “Wape salamu wale wanawake wa upatu. Waambie kila nikiona kitu nitawataja.”

Daktari alimruhusu kukaribia moto, na siku ya kwanza kibandani Toma alimsikia anaita kama nyumba inaungua. Akatoka mbio na unga mikononi. Babikir alikuwa ameshika sururu kwa koleo, anaitazama inavyobadilika rangi toka ncha kupanda juu.

“Bua la mtama!” alikuwa anasema. “Unaiona? Ile njano ya bua la mtama kavu! Hapo ndipo pa kuitia mafutani. Mama Ihsan, ni miaka mingapi sijaiona hii rangi?” Akaiangalia sururu, akaangalia zile alizokuwa amezifua kabla ya operesheni, zimepangwa ukutani. “Miaka mingapi?” akarudia, na safari hii hakuwa anamuuliza mtu.

Toma alirudi kwenye unga wake. Furaha ile aliila haraka, kama mtu anayekula chakula cha kuiba.

*

Wa kwanza kuja alikuwa Shazali, msakaji kutoka Berber, mtu mrefu mwenye midomo iliyopasuka kwa jua. Aliteremka kwenye gari la wachimbaji, akaingia uani hata salamu hajamaliza, akatoa sururu kwenye mfuko. Ncha ilikuwa imemeguka kama jino bovu, na sumaku haikuwepo.

“Osta, mimi na wewe tumetoka mbali.”

“Tumetoka mbali.”

“Basi nieleze. Mashine imelia. Nimechimba. Imelia zaidi. Nikamwambia mwenzangu, leo tunalala matajiri. Tukachimba mpaka kiunoni, tukachimba mpaka kifuani, kila tukipima inalia. Watu wakaja kutuzunguka, wengine wameanza kutuita mabwana wakubwa! Mchana kutwa, Osta, na maji tuliyonayo ndiyo hayo. Nimepepeta udongo wa shimo zima. Unajua nimepata nini?” Akafungua kitambaa. Vichembe vya chuma, vimeshikana kama uji uliokauka. “Nimepata sururu yako.”

Babikir aliichukua sururu. Akaigeuza. Gurudumu lilikuwepo, zuri, safi. Akaangalia palipomeguka, na kwa mara ya kwanza macho yake mapya yakamfanyia ubaya: ndani palikuwa na punje kubwa, kama sukari.

“Kimeungua,” alisema. “Chuma hiki kimeunguzwa. Kimepita moto na fundi hakuona.” Akaiweka chini. “Nisamehe, Shazali. Chukua yoyote pale ukutani. La, si hizo. Chukua hii niliyoifua jana.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa ahadi yake tangu zamani: sururu yenye gurudumu ikimeguka, irudishe, upewe mpya, bila maneno. Ilikuwa ahadi rahisi, kwa kuwa zilikuwa hazimeguki.

Shazali alipoondoka, Ihsan aliacha cherehani. “Baba, mbona isiwe ya Sanhuri? Si aliiga kila kitu?”

“Na muhuri?”

“Ameuiga pia.”

“Nimeupima kwa ukucha. Ni huu huu, hata ule mkwaruzo wa mkono wa nne upo. Na muhuri huu haukutoka humu ndani. Uko kwenye sanduku la mama yako, chini ya nguo zake.” Akamkazia bintiye macho. “Unataka kuniambia kuna mtu ameingia kwenye nguo za mama yako?”

Ihsan aliona haya, akainamia mshono. Toma alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwa manne au matano tu, na kinywa kilikuwa chake. Akauliza, “Niongeze sukari?”

*

Wakaja wengine. Wa machimbo ya Abu Hamad, wa jangwa la mashariki, mmoja alikuja na mbili. Kila mmoja alipewa mpya, na kila mpya ilikula mkaa na springi na siku za Babikir, bila senti kuingia. Mjini wakampa jina, kama kawaida ya Atbara, ambako hata kiwete hupewa jina la mbio. Wakamwita Osta Chembe. Mtu akipita kwenye mkahawa wa wachimbaji anasikia: “Mashine yangu imelia!” na mwingine anajibu, “Dhahabu?” na wote kwa pamoja, “Osta Chembe!” Babikir alikuwa amekaa hapo hapo siku moja, anakunywa kahawa ya tangawizi. Alicheka nao. Alirudi nyumbani akamwambia Toma kuwa wamemtungia jina zuri.

Toma alijitanda tobe akaenda kwa Sanhuri. Dukani mlikuwa na wateja, na ukutani zilining’inia sururu zenye gurudumu, chini yake bei karibu sawa na ya mumewe.

“Ulisema mpakani na Misri.”

“Karibu, Mama Ihsan! Mpeni mama kiti. Zilikwenda, wallahi. Dhahabu ndiyo iliyohama, watu wakahama nayo, na sururu wakazibeba. Mimi nizuie jangwa?”

“Zishushe hizo.”

“Nizishushe?” Akainamisha kichwa karibu naye, sauti ya upole, sauti ya mtu wa nyumbani. “Muhuri ulipigwa kwa mkono wa nani? Mimi nilikushika mkono? Nenda kawaambie Sanhuri ameghushi. Nitasema ndiyo, nimeghushi, na nitamtaja mwenzangu.” Kisha kwa sauti ya kusikika na duka zima, “Mama huyu mume wake anarudishiwa sururu kila siku, maskini. Mpeni soda.”

Soda ilifunguliwa. Toma aliishika mpaka ikapata joto, kwa sababu hakujua jinsi ya kuiweka chini mbele ya macho yale yote, kisha akainywa.

*

Ijumaa iliyofuata alikuwa jikoni na wanawake wa jirani, wanachambua bamia, spika ya msikiti ilipokohoa baada ya sala. Walidhani ni tangazo la msiba. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Babikir.

“Ndugu zangu. Mimi ni Babikir, fundi. Mnanijua. Nilikuwa sioni, na sikuwaambia. Niliendelea kufua na kuwauzia kwa sababu niliona haya kusema sioni, na kwa sababu nina nyumba. Sururu zenye gurudumu za miaka hii ya mwisho si za kuaminika. Aliye nayo asiende nayo jangwani, mtu anaweza kufia shimoni kwa kufuata sauti ya chembe. Ailete. Kama sina mpya nitamrudishia pesa yake kadiri nitakavyopata. Nisameheni kwa Mungu.”

Spika ikakata. Mikono ya wanawake ilikuwa imesimama juu ya bamia. Mmoja akasema, “Mume wako ni mwanamume,” na mwingine akafuta machozi kwa ncha ya tobe. Toma alikata bamia, akakata, mpaka mmoja wao akamnyang’anya kisu kwa kuwa alikuwa anajikata.

Walizileta. Walileta mbovu, na walileta nzima zilizowapa dhahabu miaka yote, kwa sababu nani atakwenda jangwani na chuma ambacho mwenyewe amekikana? Walizitupa pembeni mwa kibanda mpaka zikawa rundo. Na walipotoka pale wakaenda kwa Sanhuri, wakanunua zile zisizo na muhuri wowote, rahisi, za kutupa. Angalau hizo, walisema, hazijidai.

Pesa za kurudishia hazikuwepo. Babikir alimpigia Sanhuri simu, akaelewana naye bei ya fuawe.

*

Toma alimkuta Babikir kibandani asubuhi ya kuchukuliwa fuawe, anaifunga mivukuto kwa kamba. Mkokoteni ulikuwa umeagizwa. Ihsan alikuwa anafagia uwanja. Toma alikuwa na muhuri ndani ya kiganja.

“Ni mimi,” alisema.

“Wewe nini?”

“Niliyezipiga muhuri. Za Sanhuri. Mlipokuwa Khartoum. Hapakuwa na upatu, Baba Ihsan. Macho yako ndiyo hayo, nimeyalipia kwa hizo sururu. Zinazorudi zimemeguka si zako. Mkono wako mzima. Hata ulipokuwa huoni, mkono wako ulikuwa mzima.”

Ufagio ulinyamaza. Babikir alimtazama mkewe, na, hili ndilo lililomvunja Toma kuliko yote, akatabasamu.

“Toma. Unadhani nitajitupa mtoni? Nimeshakubali. Mtu akizeeka anazeeka.”

“Sikubembelezi.”

“Ulinifanyia hivi hivi reli waliponiachisha kazi. Ukasema ni dua zako, ulimwomba Mungu nipumzike. Ukataka nikukasirikie wewe, nisiwakasirikie wao.” Akamshika bega. “Wewe ni mke mwema. Lakini sitaki uwe mwizi kwa ajili yangu.”

Toma aliliondoa bega lake. Akaenda kwenye rundo, akachagua iliyomeguka, akaiweka juu ya fuawe, akachuchumaa mbele yake.

“Muhuri hauingii kwenye chuma baridi,” Babikir alisema, taratibu, kama anayemwelekeza mtoto. “Chuma changu hakiwezi...”

Nyundo ikashuka. Mara moja. Toma akatoa mkono.

Palikuwa na magurudumu mawili, ubavu kwa ubavu, yote mazuri, yote na mkwaruzo kwenye mkono wa nne. Babikir aliokota sururu, akapitisha kidole gumba juu ya la pili. Lilikuwa na ukingo mkali, la baridi. Akapitisha juu ya la kwanza. Kisha akaenda kwenye rundo, akachukua nyingine yenye ncha mbovu, akaiweka kwenye fuawe.

“Tena.”

Akapiga. Likaingia.

“Tena.”

Likaingia. Alimpa nzima, mojawapo ya zile walizozirudisha kwa hofu. Nyundo ikaruka, muhuri ukateleza, chuma hakikupata hata alama. Aliishika hiyo kifuani kidogo, akaiweka kando, akachukua nyingine. “Tena.” Alimpigisha mpaka nyundo ikamgonga Toma kidole, na hata hapo hakusema basi. Ihsan ndiye aliyeingia akaishika nyundo.

“Baba, inatosha! Baba, husikii? Si wewe! Hukuunguza chuma!” Alikuwa analia na kucheka. “Nenda msikitini. Waambie kwenye spika ile ile. Waite na hao wa mkahawani, wakuombe radhi!”

“Nikawaambie si mimi,” Babikir alisema.

“Ndiyo!”

“Wataniuliza, muhuri ulikuwa kwa nani?” Alivua miwani, akaipangusa kwa kanzu, akaivaa. “Mji mzima unajua unakaa wapi. Nimejigamba nao miaka yote, manukato, manukato. Niwape jina la mama yako walichezee mkahawani?”

Nje, punda wa mkokoteni alikuwa amefika, na kijana wa Sanhuri anabisha. Ihsan alimwangalia baba, akamwangalia mama, akangoja mmoja wao aseme jambo. Babikir alikwenda kufungua mlango.

“Bora ningekuwa nimeunguza,” alisema akiwa amewapa mgongo. “Hilo nilishalizoea.”

Aliwasaidia mwenyewe kulibeba fuawe. Muhuri alikwenda nao mpaka darajani, akautupa mtoni, hakuurudisha kwenye sanduku.

*

Fuawe liko mlangoni mwa duka la Sanhuri hadi leo. Wateja huligonga kwa sururu mpya wasikie linavyolia, na mambo yakipoa huweka juu yake gilasi za chai. Babikir anakaa nyuma yake kwenye kigoda, anatia mipini. Mipini ya kontena huja imelegea, na Sanhuri alihitaji mtu mwenye mkono mzuri. Alimtuma mtu kumwita, na Babikir akaenda, kwa kuwa nyumba inakula. Jina la Osta Chembe limebaki. Huitika.

Macho yamepona kabisa. Humtungia Ihsan sindano, husoma namba za magari upande wa pili wa barabara, na mteja akiingia humtambua kabla hajasalimia, amuulize habari za watoto wake. Adhuhuri Toma humletea chakula, tobe amelivuta mpaka mdomoni. Husimama mbele ya kigoda, akangoja ainue macho.

“Karibu, Mama Ihsan!” Sanhuri huita toka ndani. “Wewe wa nyumbani!”

Babikir hupangusa mikono, hupokea sinia kwa mikono miwili.

“Asante, Mama Ihsan,” husema, akiangalia bakuli.